Jopo lisilojua linamtafuta nani

Fundi yeyote wa kompyuta aliyewahi kuitwa kwenye usaili Dar es Salaam anajua kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo lazima akariri tabaka saba za mtandao. Ukiomba kazi ya kuandika programu utaulizwa, ukiomba ya kusimamia seva utaulizwa, na namfahamu dada aliyeomba kazi ya kusanifu kurasa za tovuti akaulizwa pia, tena azitaje kutoka juu kushuka chini, halafu kutoka chini kupanda juu. Tabaka hizo ni za mfano wa OSI, mchoro unaogawa mawasiliano ya kompyuta katika ngazi saba, uliochapishwa na shirika la kimataifa la viwango, ISO, mwaka 1984. Kwa kufundishia darasani ni mfano mzuri. Lakini intaneti tunayoitumia haikujengwa juu yake. Inaendeshwa kwa itifaki za TCP/IP, yaani kanuni ambazo kompyuta huzifuata kupashana data, ambazo mtandao wa ARPANET wa Marekani, mtangulizi wa intaneti, ulihamia Januari 1983, mwaka mmoja kabla ya tabaka saba kuchapishwa. Kijana anatolewa jasho kwa mchoro ambao hata ruta ya ofisi ya wanaomuuliza haiufuati.

Swali hili linapendwa kwa sababu jibu lake linaweza kuandikwa pembeni na kuwekewa tiki na mtu asiyejua lolote kuhusu mitandao. Tabaka saba, alama saba. Afisa utumishi hahitaji kuelewa, mwenyekiti wa jopo hahitaji kuelewa, na msailiwa mwenyewe, kama amekesha vizuri, hahitaji kuelewa. Wote wanatoka chumbani na alama mkononi, na kazi yenyewe haijatajwa.

Ndiyo maana siwalaumu sana wanajopo kwa ukali wao, ingawa ukali upo. Nimekaa upande wa anayeulizwa, siku hizi nakaa pia upande wa wanaouliza, na naamini usaili wa kiufundi huharibika kabla mtu yeyote hajaitwa. Huharibika siku tangazo la kazi linapoandikwa kwa kunakili tangazo la kampuni nyingine: awe na shahada ya kompyuta, uzoefu wa miaka mitano, ajue lugha sita za programu, awe tayari kufanya kazi kwenye mazingira magumu. Hakuna mstari unaosema mtu huyu atakuta tatizo gani mezani Jumatatu ya kwanza. Jopo likikaa linakuwa halina cha kuuliza, na saa nzima inabidi ijazwe. Kinachopatikana karibu ni mafumbo, notisi za chuo, na maswali ya maisha ya mtu.

Mimi yalinikuta yote matatu kwa mkao mmoja. Kampuni ilikuwa na ofisi kwenye ghorofa refu katikati ya mji, nafasi ilikuwa ya kusimamia mfumo wa malipo, na mifumo ya malipo ndiyo kazi niliyoifanya tangu nimalize chuo. Ujumbe ulisema saa tatu kamili asubuhi. Saa tatu tulikuwa tumejaa kwenye viti vya mapokezi, kila mtu na bahasha yake ya kaki yenye vyeti halisi mapajani, wote tumeitwa saa tatu ileile. Mimi niliingia baada ya adhuhuri. Nikasema shikamooni, maana sikujua nani mkubwa na nani mdogo. Mzee mmoja akaitikia marahaba. Wengine walikuwa wanausoma wasifu wangu kwa mara ya kwanza. Ulikuwa unapita kutoka mkono hadi mkono, nakala moja kwa watu sita.

Kati ya hao sita, mmoja tu alitoka kitengo cha kompyuta, kijana wa rika langu, na ndiye aliyenipa kalamu ya ubao. "Tuchoree mti wa binari, halafu uugeuze, kushoto kuwe kulia." Huo ni mchoro wa kupanga data ambao kila kituo kinaweza kutoa matawi mawili, kushoto na kulia. Nikauliza kama kuna mahali mfumo wao unatumia miti ya namna hiyo. Akasema, "Wewe jibu swali, kaka." Nikaanza. Simu ya mwenyekiti ikaita, akaipokea palepale, akawa anamwelekeza mtu apitishe lori la mchanga njia ya nyuma kwa sababu geti la mbele bado bichi. Kalamu ilikuwa imekauka, kila mstari nikawa naupitia mara mbili. Mama wa utumishi, ambaye nadhani njaa ilikuwa imembana kama mimi, akauliza, "Bado?" Nikamaliza, nikaeleza nilichofanya. Yule kijana akatikisa kichwa, bila kusema ni sawa au si sawa. Ndipo maswali yakahama: kwa nini niliacha kazi ya mwanzo, sasa hivi nalipwa shilingi ngapi, nina watoto wangapi. Na yule mzee wa marahaba, kwa upole kabisa, kama anayetaka kunisaidia: "Jina lako hili ni la watu wa wapi, mwanangu?"

Kampuni ile ilikuwa inapokea pesa za wateja kupitia mitandao ya simu, na malalamiko ya wateja wake kuhusu malipo yaliyopotea yalikuwa yanasomeka mitandaoni kila wiki. Hakuna aliyeniuliza kuhusu malipo.

Mambo haya hayakuzaliwa kwetu, na historia yake inachekesha kidogo. Mwaka 1921 Thomas Edison alikuwa akiwapa vijana waliomaliza vyuo vikuu, wanaoomba kazi kwake, karatasi ya maswali yapatayo 150 ya mambo ya kila namna: jiografia, historia, madini, mashine. Wengi waliangukia pua, na Edison akatangaza kwamba waliosoma vyuo hawajui kitu. Maswali yalipovuja magazetini Wamarekani wakaanza kuulizana mitaani. Albert Einstein alikuwa ziarani nchini humo mwaka huohuo. Alipofika Boston akaulizwa swali mojawapo, kasi ya sauti ni kiasi gani. Akajibu kwamba hajibebeshi kichwani taarifa ambazo zinapatikana vitabuni. Kwa mizani ya Edison hapo alikosa alama.

Baadaye wakaja Microsoft na mafumbo ya kwa nini mifuniko ya mashimo ya barabarani ni ya duara, kisha Google na mipira mingapi ya gofu inaweza kuenea kwenye basi la shule. Dunia nzima ikaiga, kwa sababu kampuni hizo zilikuwa tajiri na ikadhaniwa kwamba utajiri umetokana na mafumbo. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi wa Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo yale ni kupoteza muda, hayatabiri lolote, na kazi yake kubwa ni kumfanya anayeuliza ajione mwerevu. Mafumbo yakatupwa. Mti wa binari ukabaki, na mwaka 2015 Max Howell, aliyeitengeneza Homebrew, programu ambayo watu wanaotumia kompyuta za Mac huitumia kusakinisha zana zao, aliandika kwamba Google imemkataa kwa kushindwa kuugeuza mti huo ubaoni, ilhali wengi wa wahandisi wa Google wenyewe walikuwa wakitumia programu yake.

Hapa wengi huishia kucheka. Nadhani kuna jambo kubwa zaidi. Google inapokea maombi mengi mno kila mwaka, na usaili wake umejengwa juu ya hesabu kwamba heri kumkosa mtu mzuri kuliko kumwingiza mbaya. Akipotea Howell mmoja, nyuma yake kuna foleni ya watu wa kiwango kilekile wanaotaka nafasi ileile, kwa hiyo hasara haionekani. Kampuni ya Dar yenye watu kumi kwenye viti vya mapokezi haina foleni hiyo. Kati ya hao kumi pengine wawili ndio waliowahi kulala macho kwa sababu ya mfumo wa malipo uliokwama usiku wa mwisho wa mwezi. Ukiwapoteza hao wawili kwa mti wa binari umebaki na aliyekariri, na mwisho wa mwezi utakukuta naye. Tumeazima chujio la mwenye bahari tukalitega kwenye kisima.

Tena utafiti kuhusu usaili haujaanza jana. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na usaili wenye mpangilio, yaani kila mtu anaulizwa maswali yaleyale yanayohusu kazi na majibu yanapimwa kwa kipimo kilekile, ulitabiri utendaji wa mtu vizuri kuliko mazungumzo ya kukutana na kupigana stori. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu hizo, wakasema makadirio ya zamani yalikuwa yamepandishwa mno, wakayashusha. Usaili wenye mpangilio ukabaki juu kabisa kwa uwiano wa 0.42, ambapo 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kukosea. Ule wa mazungumzo huru ukaanguka hadi 0.19. Hata huo wa 0.42 uko mbali na uhakika, kwa hiyo mwajiri anayekuambia yeye anamjua mtu kwa kumtazama machoni anatumia kipimo dhaifu halafu anakisifu.

Kwa hesabu hizi utumishi wa umma, tunaoupiga madongo kila siku, katika jambo moja uko mbele ya kampuni binafsi nyingi. Sekretarieti ya Ajira inaita watu kwenye mchujo wa kuandika, waliopita wanaendelea na usaili wa vitendo kwa kada zinazohitaji na wa mahojiano, maswali ni yaleyale kwa kila mtu na alama zinaandikwa. Kero zake nazijua. Kuna watu waliosafiri kutoka Kigoma hadi Dodoma kwa nauli ya kukopa kwa ajili ya mtihani wa saa moja. Lakini kumbukeni Juni 2014, Uhamiaji walipoita watu zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa kwa nafasi 70. Umati wa namna ile huwezi kuuchuja kwa mazungumzo, na katika nchi ambayo mjomba wa mtu ana uzito, karatasi iliyosahihishwa ni kinga ya mtoto wa asiye na mjomba. Sitaki mchujo wa kuandika ufutwe. Ubovu uko kwenye kinachoandikwa: tabaka saba zinarudi, tofauti ya RAM na ROM inarudi, kirefu cha HTTP kinarudi. Utaratibu ni mzuri, maswali yamechoka.

Kampuni binafsi ndizo zilizochukua mabaya ya pande mbili. Maswali ya kukariri kutoka serikalini, mti wa binari kutoka California, na katikati yake mazungumzo huru ambayo hayana mpangilio wowote.

Kuhusu ubao na macho ya watu sita yanayokutazama, kuna jaribio ambalo natamani kila jopo lilijue. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina wakishirikiana na Microsoft walichukua wanafunzi 48 wa kompyuta, wakawapa swali la kuandika programu ubaoni. Nusu walifanya mbele ya msimamizi huku wakieleza kwa sauti wanachofikiri. Nusu waliachwa peke yao chumbani na ubao wao. Waliotazamwa ufanisi wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Miongoni mwa wanawake, wote waliofanya peke yao walilitatua swali, na hakuna hata mmoja kati ya waliotazamwa aliyelitatua. Idadi ni ndogo, na mtu asijenge nyumba juu ya jaribio moja. Ila ukiwa umewahi kuona dada mwenye uwezo kazini akiganda mbele ya wanaume watano wenye tai, utaelewa ubao ule ulikuwa unapima nini.

Na kwa dada huyo mambo hayaishii ubaoni. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akisimamia kanzidata, yaani hifadhi za data, za taasisi ya fedha aliulizwa ana mchumba au hana, na akipata mtoto nani atakuja usiku seva ikizima. Alijibu kwamba seva iliyosimamiwa vizuri haihitaji mtu kuja usiku, inamwamsha kwa ujumbe wa simu na anaishughulikia akiwa kitandani. Jibu zuri kuliko lote nililowahi kusikia kwenye usaili, na lilipokelewa kama ufedhuli.

Maswali haya tumeyazoea hadi tunasahau kwamba sheria imeyagusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila au mahali mtu anapotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mingine, na inahusu hata hatua ya kuomba kazi, haisubiri mkataba usainiwe. Kenya wana kifungu cha 5 cha Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, kinachomtaja waziwazi mtu ambaye bado hajaajiriwa. Wakenya wakaongeza jambo mwaka 2022 ambalo nalionea wivu: mwajiri haruhusiwi kudai vyeti vya uthibitisho, vile vya tabia njema, vya kodi, vya mikopo ya elimu na vinginevyo, mpaka awe na nia ya kumpa mtu mkataba. Kabla ya hapo kijana wa Nairobi alikuwa analipia karatasi chungu nzima halafu haitwi. Yule mzee aliyeniuliza jina langu ni la watu wa wapi sidhani alikuwa na nia mbaya. Wazee wetu wanaanza hivyo hata kwenye daladala. Ila kwenye daladala hakuna anayeandika alama.

Halafu kuna kazi ya kwenda nayo nyumbani. Kwa nadharia ndiyo njia yenye haki kuliko ubao: hakuna anayekutazama, unatumia kompyuta yako, unatafuta unachotaka kama utakavyotafuta kazini. Kwa vitendo imegeuka mgodi. Unapewa siku tatu utengeneze mfumo mzima wa kupokea oda, wenye ukurasa wa msimamizi, ripoti za mwezi, na nembo ya mteja halisi ambayo mtu wa mauzo alisahau kuiondoa kwenye maelezo. Wanaitwa watu wanane, wote wanajenga, na hakuna anayeajiriwa. Mwajiri akiulizwa anasema alikuwa anapima uwezo. Mimi nina kanuni nyepesi hapa, na nawashauri vijana waishike: kazi isiyozidi saa mbili, yenye data za kubuni, ambayo matokeo yake hayawezi kuuzwa kesho yake, ni jaribio. Ikizidi hapo ni kazi, na kazi ina bei. Kampuni ambayo haiwezi kulipa siku moja ya fundi wakati wa kumjaribu, mwisho wa mwezi wa kwanza nao utakuwa na maelezo.

Usaili wa mbali, wa kampuni za nje, una adha zake ambazo watu wa Ulaya hawazijui. Jaribio linafunguliwa mtandaoni, saa inaanza kurudi nyuma, dakika tisini, kamera iwe wazi, usiondoke kwenye ukurasa. Tanesco nao wana ratiba yao. Umeme ukikatika bando la simu linashika nafasi, bando likiyumba ukurasa unasema umetoka nje ya jaribio, na mashine haina mtu wa kumwelezea. Nimeona vijana wakienda kulala kwa ndugu mwenye jenereta usiku wa kabla ya jaribio. Kisha zimekuja programu za akili mnemba zinazotatua miti ya binari kwa sekunde chache, na kampuni zinaanza kurudisha watu vyumbani uso kwa uso kwa hofu ya udanganyifu. Mtu angetegemea wajiulize: kama mashine inajibu swali letu bila kuifahamu kazi yetu, swali hilo lilikuwa linampima nani? Badala yake wanaongeza kamera ya pili.

Sasa niseme ningeuliza nini. Kwa nafasi ile ya malipo ningeuliza hivi: mteja amelipa shilingi 20,000 kwa simu mara moja, mfumo wetu umemwandikia 40,000. Una laptop, una kumbukumbu za seva za siku hiyo, una kanzidata ya majaribio. Unaanzia wapi?

Swali hili halina ujanja. Ni jambo la kawaida kwenye mifumo ya malipo. Mteja akilipa, kampuni ya simu hutuma ujumbe kwenye seva yako kukwambia pesa imeingia, na husubiri uitikie. Seva yako ikichelewa, labda kwa sababu ni mwisho wa mwezi na kila mtu analipa, kampuni ya simu inadhani ujumbe haukufika, inautuma tena. Mfumo uliojengwa kwa haraka unauona wa pili kama malipo mapya. Msailiwa ambaye hajawahi kufanya kazi hii atasema kampuni ya simu imekosea, na hapo utajua. Mwenye uzoefu kidogo atatazama namba ya muamala kwenye jumbe zote mbili, ataona ni ileile, atasema tukague kwanza kama namba ipo kabla ya kuandika. Jibu zuri. Mwenye uzoefu zaidi atanyamaza kidogo, kisha atauliza: je, jumbe mbili zikifika kwa wakati mmoja? Zote zitakagua, zote zitakuta hakuna, zote zitaandika. Kwa hiyo ukaguzi wa programu peke yake hautoshi. Kanzidata yenyewe iwekwe ikatae namba moja kuingia mara mbili. Na yule ninayemtaka ataendelea hadi mahali ambapo jopo halikutegemea: wateja wangapi wengine wameandikiwa mara mbili na wamekaa kimya, nani atawapigia simu, na tunairudisha vipi pesa ambayo mtu ameshaitumia?

Kwa dakika arobaini umeona mtu anavyofikiri, anavyosoma kumbukumbu za seva, anavyouliza, na anavyowaza kuhusu mteja. Mama wa utumishi naye ana kazi ya kufanya, kwa sababu sehemu ya mwisho ya jibu, ile ya kumpigia mteja, anaweza kuipima kuliko sisi mafundi. Maswali yaleyale kwa kila anayeingia, na alama zimekubaliwa kabla. Mpangilio uleule ambao akina Sackett wameupa 0.42.

Waajiri ninaowaambia haya hujibu kwamba hawana muda wa kutunga maswali. Huwa nawahesabia. Jopo la watu sita kwa siku mbili za usaili ni siku kumi na mbili za mishahara, tena ya wakubwa. Ukimkosea mtu unamlipa miezi ya majaribio, halafu unaita jopo tena. Siku moja ya mafundi wawili inatosha kuandika swali kama lile la malipo, kutayarisha data za kubuni, na kulijaribu kwanza kwa watu wenu walio kazini ili muone kama linapitika.

Kuna kampuni moja, ndogo tu, iliyokubali kulijaribu hivyo. Mafundi wao watatu walikaa na swali kabla ya kumwita mtu wa nje. Mmoja aliishia kwenye kampuni ya simu imekosea, naye ndiye aliyekuwa ameujenga mfumo. Tangazo la kazi likarudishwa mezani na kuandikwa upya, na mchana huohuo yule fundi akaanza kuzipitia rekodi za wateja za miezi iliyopita.